Sinema Ipi Tuwaonyeshe Wanafunzi?

Ndugu msomaji, tuseme umechaguliwa kuwa mjumbe wa kamati ya shule. Shule yenyewe ni sekondari ya kata. Ipo kandokando ya barabara itokayo Tabora kwenda Urambo. Siku moja mkuu wa shule anaita kikao. Anasema hivi:

"Mwezi ujao tutakuwa na wiki ya afya ya wanafunzi. Tutazungumza juu ya mimba, magonjwa ya zinaa na UKIMWI. Tumeazimwa projekta kwa siku moja. Tunataka sinema. Chagueni ninyi wazazi pamoja nasi."

Kazi hii inaonekana nyepesi. Kuchagua sinema ni kazi gani? Lakini fikiri kidogo. Sinema ya saa moja na nusu inaingia vichwani mwa watoto 300 kwa mara moja. Mwalimu akikosea neno darasani, kesho atalisahihisha. Projekta ya kuazima hairudi kesho.

Katika somo hili tutaifuata kamati moja ya namna hiyo. Kamati ni ya mfano tu. Lakini sinema zilizotajwa kwa majina ni za kweli, na sheria zilizotajwa ni za kweli. Msomeane kwa sauti, kisha mjadili.

Njia ya zamani na magonjwa yake

Barabara hiyo ya Urambo inafuata nchi waliyopita wazee wetu. Zamani misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo. Hapo njia ziligawanyika. Moja ilikwenda magharibi mpaka Ujiji, penye Ziwa Tanganyika. Nyingine ilikwenda kaskazini, Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Walibeba pembe za ndovu kwenda pwani. Walirudi na nguo, shanga na nyaya za shaba.

Walirudi na maradhi pia. Mwingereza Richard Burton alipita njia hii mwaka 1857. Aliandika jinsi ndui ilivyokuwa ikiua wapagazi njiani. Mtu alianguka, mzigo wake ukachukuliwa na mwenzake, msafara ukaendelea. Kijiji walicholala jana kilibaki na ndui.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Misafara ya miguu ikaisha. Leo yanapita malori, mabasi na bodaboda. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Baada ya hapo ugonjwa ulisafiri kama ndui ilivyosafiri, kwa kufuata njia za watu. Redio Tanzania ilipoanza mchezo wa "Twende na Wakati" mwaka 1993, mhusika mmoja mkubwa alikuwa Mkwaju, dereva wa lori. Waandishi wa mchezo ule walijua kwa nini wamchague dereva.

Kuna na jambo la mimba. Utafiti wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2015–16 ulihesabu wasichana wa miaka 15 mpaka 19. Katika kila wasichana 100 nchini, 27 walikuwa wameshazaa au wana mimba ya kwanza. Katika Mkoa wa Tabora walikuwa 43. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa hesabu ya nchi imeshuka mpaka 22. Imeshuka, lakini 22 katika 100 bado ni darasa zima katika shule kubwa.

Sinema iliyofika kijijini

Sinema ya kufundisha si jambo geni kwetu. Mwaka 1935 Waingereza walianza jaribio kubwa kule Vugiri, katika milima ya Usambara. Jaribio liliendelea mpaka mwaka 1937. Walitengeneza sinema zaidi ya 30 kwa ajili ya vijiji. Moja ilihusu safura, nyingine malaria ya watoto. Lori liliokota vyombo vyote, pamoja na mashine ya umeme, likazunguka vijijini kuonyesha usiku.

Kuna kisa kilichosimuliwa sana na maofisa wa sinema wa enzi za ukoloni. Wanasema walionyesha sinema ya malaria. Mbu alionekana mkubwa kama kuku, kwa sababu picha ilikuzwa. Sinema ilipokwisha wanakijiji walisema: "Poleni sana. Sisi kwetu mbu ni wadogo." Maofisa walikisimulia kisa hiki ili kuwacheka watu wa vijijini. Mimi naona wa kuchekwa ni aliyepiga picha. Alimwonyesha mtu kitu asichokijua, akamwacha bila maelezo, kisha akashangaa kwamba hakueleweka.

Njia nzuri zaidi tuliiona wenyewe. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi. Walisikiliza kipindi cha redio, wakasoma kitabu, kisha wakajadili pamoja na kiongozi wa kikundi. Halafu wakaenda kuchimba vyoo. Redio peke yake haikuchimba choo hata kimoja. Mazungumzo ya baadaye ndiyo yaliyowafanya watu washike majembe.

Sasa turudi kwenye kamati yetu.

Kamati inakutana

Walikaa chini ya mwembe, maana ofisi ilikuwa na joto. Walikuwepo mkuu wa shule, mwalimu wa Biolojia, na nesi wa zahanati. Alikuwepo mzee mmoja aliyeendesha malori miaka 30. Alikuwepo mama mmoja mkulima wa tumbaku, ambaye binti yake anasoma kidato cha pili. Na walikuwepo wanafunzi wawili, mvulana na msichana. Mkuu wa shule aliwaita hao wawili kwa kusudi. Mzee alinung'unika kidogo kwamba mambo haya si ya kuzungumza mbele ya watoto. Mama akamjibu, "Mzee wangu, sinema yenyewe ni ya hao hao watoto." Mzee akanyamaza.

Mwalimu alikuwa amekusanya sinema nne katika flashi. Waliziangalia zote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Kazi hiyo ilichukua Jumamosi mbili. Mama aliuliza kama haitoshi kutazama dakika kumi za kila sinema. Mwalimu alimwambia kwamba picha mbaya haiwi lazima katika dakika kumi za kwanza.

Sinema ya kwanza ilikuwa ya zamani. Haikuwa na hadithi. Daktari alisimama, akaonyesha picha za vidonda na usaha, moja baada ya nyingine. Mwisho akaonekana mgonjwa wa UKIMWI, mifupa mitupu, kitandani. Sauti ikasema kwamba ugonjwa huu hauna dawa na kwamba aupataye amekwisha kufa.

Mzee aliipenda. Alisema, "Hiyo ndiyo. Mtoto asipoogopa hafundishiki. Mimi nimezika wenzangu wa barabarani, saba kwa hesabu. Laiti tungeogopa mapema."

Watu walikaa kimya, maana mzee alisema kweli yake. Kisha nesi akasema taratibu:

"Shikamoo mzee wangu. Naomba nikuulize. Wenzako wale walikufa mwaka gani?"

"Marahaba. Wa kwanza 1991. Wa mwisho 1999."

"Wakati huo dawa hazikuwepo hapa. Tangu mwaka 2004 serikali inatoa dawa za kufubaza virusi bure. Mtu akizimeza kila siku anaishi, analima, anasoma, anazeeka. Na vipimo vikionyesha kwamba virusi vimefubaa mpaka havionekani, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Sasa kuna watoto waliozaliwa na virusi. Hawakufanya kosa lolote. Wanameza dawa tangu wadogo. Wamekua, wako sekondari."

"Wapo na hapa shuleni?" aliuliza mama.

"Hilo siwezi kukuambia, mama. Sheria inanikataza, na hata isingenikataza nisingesema. Nawaombeni kitu kimoja tu. Chagueni sinema kana kwamba yumo. Amekaa benchi la mbele, na jirani zake hawajui. Asubuhi amemeza kidonge chake. Sasa sinema inamwambia kwamba amekwisha kufa. Kesho atakimeza tena kidonge hicho?"

Mzee aliitazama ardhi kwa muda. Kisha akasema, "Itoe hiyo."

Ndugu msomaji, hapa tusimame kidogo. Kamati nyingi huuliza swali moja: sinema hii ina picha chafu au haina? Swali hilo ni la lazima. Lakini nesi aliuliza swali jingine, nalo ni zito kuliko lile. Nani atakuwa amekaa katika benchi, na sinema itamfanya nini? Kamati yetu ilizipima sinema nyingine kwa swali hilo.

Msichana aliyefukuzwa

Sinema ya pili iliitwa "Consequences", maana yake "Matokeo". Ilitengenezwa Zimbabwe mwaka 1988. Ni sinema fupi. Msichana wa sekondari anapata mimba. Anapoteza shule, na maisha yake yanabadilika, wakati mvulana anaendelea na masomo yake.

Mwalimu aliisifu. Wachezaji ni Waafrika, shule inafanana na zetu, hakuna picha za aibu. Ni sinema iliyopata sifa nyingi wakati wake. Lakini yule mwanafunzi msichana aliinua mkono.

"Mwalimu, hapa kwetu akipata mimba anafukuzwa moja kwa moja?"

"Zamani ndiyo. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba aliyekatisha masomo kwa ajili ya mimba anaweza kurudi shuleni baada ya kujifungua."

"Basi nasema hivi. Kuna dada mmoja kidato cha tatu amerudi. Amemwacha mtoto kwa bibi yake. Tukionyesha hii, watu watageuka kumtazama yeye."

Mama mkulima alitikisa kichwa. Alisema jambo jingine ambalo wanaume hawakuliona. "Katika sinema hii anayeadhibiwa ni msichana peke yake. Sisi hapa tunataka wavulana nao wasikie. Na wale wasio wavulana tena. Mabinti zetu hawapewi mimba na wanafunzi wenzao tu. Kuna watu wazima wenye pikipiki."

Kweli hiyo inajulikana kijiji kizima. Shule ya kata iko mbali. Binti anatembea kilomita saba, nane. Mwenye bodaboda anampa lifti leo, kesho anampa chipsi. Mwingine amepanga chumba karibu na shule, anaishi peke yake, na wazazi wako mashambani kwenye tumbaku. Hakuna sinema ya Zimbabwe itakayoonyesha hayo.

Hapo mkuu wa shule aliwakumbusha sheria. Kwa sheria ya mwaka 1998, kujamiiana na msichana aliye chini ya miaka 18 huhesabiwa ni ubakaji, hata akisema alikubali. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa. Anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Mzee aliuliza kama wenye bodaboda wanajua. Mkuu wa shule alisema wengine wanajua, na ndiyo maana wanaziendea familia usiku na mbuzi wawili ili shauri liishe.

Kamati haikuikataa sinema ile kabisa. Waliamua itumike siku nyingine, kwa wazazi. Wazazi waulizwe mwishoni: ni lipi limebadilika, na ni lipi bado liko vile vile?

Nzuri, lakini si ya watoto

Ya tatu ilikuwa "Siri ya Mtungi", mchezo wa televisheni wa Kitanzania ulioanza kuonyeshwa mwaka 2012. Unachezwa Bagamoyo. Mhusika mmoja ni Cheche, mpiga picha, mtu mwenye mke na nyumba yake, na macho yake hayatulii. Kamati ilicheka, ikanyamaza, ikacheka tena. Kiswahili ni chetu, mitaa ni yetu. Mzee alisema anamjua Cheche, aliwahi kufanya naye kazi katika lori moja. Alitania, bila shaka.

Hapa wazee wale waliona kitu kizuri. Njia ya misafara iliishia Bagamoyo. Sasa kutoka Bagamoyo hadithi inarudi Tabora.

Lakini nesi na mwalimu walikubaliana. Mchezo huu ni wa watu wazima. Unazungumza juu ya ndoa, nyumba ndogo, na kupanga uzazi katika ndoa. Mtoto wa miaka 13 wa kidato cha kwanza atauona kama siri za wakubwa, atacheka, ataondoka na vicheko. Tena ni mrefu, una vipindi vingi. Ukionyesha kimoja, unakata hadithi katikati.

Mimi nakubaliana nao, ingawa napenda mchezo ule. Sinema nzuri iliyopelekwa kwa watu wasio wake ni kama mbegu nzuri iliyopandwa mwezi usio wake.

Kadi ya njano

Ya nne iliitwa "Yellow Card", yaani "Kadi ya Njano". Ilitengenezwa Zimbabwe mwaka 2000. Aliyeiongoza ni John Riber, ambaye baadaye alihamia Dar es Salaam, na kampuni yake ndiyo iliyotengeneza "Siri ya Mtungi". Ina urefu wa yapata saa moja na nusu.

Hadithi yake ni ya kijana Tiyane, miaka 17. Ni mchezaji hodari wa mpira, na watu wanamtarajia makubwa. Anakuwa na msichana anayeitwa Linda, mara moja tu. Linda anapata mimba. Tiyane anaendelea na maisha yake, anapenda msichana mwingine. Halafu siku moja mtoto anaachwa mikononi mwake. Sasa kijana wa mpira ana mtoto mchanga, na hajui hata jinsi ya kumshika. Anaogopa pia juu ya afya yake.

Mwanafunzi mvulana hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Sinema ilipokwisha alisema, "Hii wataiangalia. Wavulana wa kwetu wakiona mpira hawatatoka nje."

"Na mbali ya mpira?" aliuliza mama.

Alifikiri. "Pale anapopewa mtoto. Mimi sijawahi kuona sinema ambayo mvulana ndiye anayebaki na mtoto."

Jina nalo lilisaidia. Kila mtu anajua maana ya kadi ya njano uwanjani. Ni onyo. Mchezaji bado yumo uwanjani, lakini mwamuzi ameandika jina lake.

Wakaipima kwa swali la nesi. Mwenye virusi akikaa benchi la mbele, haitamwambia kwamba amekwisha kufa. Yule dada wa kidato cha tatu hatageuziwa macho peke yake, maana mzigo umemwangukia mvulana. Mtoto wa kidato cha kwanza ataelewa hadithi. Kulikuwa na sehemu mbili za mapenzi ambazo mzee alizionea haya. Mwalimu alisema zina haya kidogo kuliko matangazo ya simu. Zikabaki.

Hata hivyo sinema haikuwa kamili. Sinema iliyotimia hutaipata, usiitafute. Nakala yao ilikuwa ya Kiingereza. Ni ya mwaka 2000, kwa hiyo haijui mambo yaliyokuja baadaye. Haiwezi kusema juu ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, maana chanjo hiyo ilikuwa bado haijatoka duniani. Nchini mwetu ilianza kutolewa kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikawa dozi moja, ikatolewa kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14. Nesi aliandika hayo katika daftari lake ili ayaseme mwenyewe.

Matayarisho

Walianza na kibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu ndiyo inayosimamia. Sinema ya kuonyeshwa hadharani inatakiwa ikaguliwe. Mwalimu alikwenda kwanza kwa ofisa utamaduni wa wilaya akauliza utaratibu. Aliomba pia ruhusa ya wenye sinema. Sinema ni mali ya mtu, kama shamba.

Lugha iliwasumbua zaidi. Wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza hawajakishika Kiingereza. Mvulana alisema, "Tutafute mtu wa kutafsiri kama kwenye vibanda vya video." Wengi wenu mnajua vibanda hivyo. Mtu anasimama kando na kipaza sauti, anasimulia sinema ya kigeni kwa Kiswahili. Lufufu wa Dar es Salaam alipata jina kubwa kwa kazi hiyo. Lakini msimulizi wa kibanda hutia chumvi, maana watu wamelipa ili wafurahi. Katika sinema ya afya chumvi ni hatari. Akisema neno moja la kumcheka Linda, ukumbi mzima utamcheka Linda. Basi kazi alipewa mwalimu wa kike wa Kiswahili. Aliiangalia sinema mara tatu, akaandika maneno yake katika karatasi, akayasoma mbele ya nesi.

Kisha likaja suala la saa. Mkuu wa shule alitaka usiku, uwanjani, chini ya miembe, kama sinema za zamani. Picha huonekana vizuri gizani. Mama mkulima alimkatiza.

"Mwalimu Mkuu, utawaonyesha juu ya hatari ya kupewa lifti. Halafu saa nne usiku utawaachia watembee kilomita nane. Watarudi na nani?"

Hakuna aliyejibu. Walikubaliana sinema iwe mchana, saa nne asubuhi, katika bwalo. Mama mwenyewe alileta maturubai meusi ya tumbaku. Wakayafunga madirishani, giza likapatikana. Tarehe iliwekwa baada ya msimu wa tumbaku, ili watoto wasiwe mashambani.

Siku yenyewe

Waliikata sinema katika sehemu tatu. Mwalimu alisimamisha pale Linda anapojua ana mimba. Taa zikawashwa. Akauliza swali moja tu: "Sasa nani anajua habari hii, na nani anapaswa kujua?" Wanafunzi walianza kubishana kwa sauti. Alisimamisha tena pale Tiyane anapobaki na mtoto. Safari hii hawakubishana. Walikuwa kimya, hasa wavulana.

Baada ya sinema waligawanyika. Wasichana walikwenda na nesi na mwalimu wa kike. Wavulana walibaki na mwalimu wa Biolojia na mzee wa malori. Mzee aliwasimulia juu ya wenzake saba. Aliwataja mmoja mmoja, walivyokuwa wakiimba barabarani. Hakuwatisha. Wavulana walimwita babu, wakamwuliza kama kondomu zilikuwepo wakati ule. Alisema zilikuwepo, na kwamba wao walizicheka.

Kulikuwa na sanduku la maswali mlangoni. Kila mtu alipewa karatasi, na kila mtu aliirudisha, hata asiye na swali, ili asijulikane aliyeandika. Nesi aliyasoma yote jioni, akayajibu asubuhi iliyofuata mbele ya shule nzima. Mmoja aliuliza kama unaweza kupata mimba siku ya kwanza. Unaweza. Mmoja aliuliza kama kaswende na kisonono hupona. Hupona kwa dawa za hospitali, ukienda mapema, na mwenzako atibiwe pia. Mmoja aliuliza kama anaweza kupima virusi bila baba yake kujua. Tangu mwaka 2019 sheria inamruhusu mtu wa miaka 15 na zaidi kukubali kupimwa yeye mwenyewe.

Karatasi moja ilikuwa na mwandiko mdogo sana. Iliuliza: "Mtu aliyezaliwa na virusi, akikua, anaweza kuoa au kuolewa na kupata mtoto mzima?"

Nesi aliisoma kwa sauti ile ile aliyosomea nyingine. Hakutazama benchi lolote. Akajibu: "Anaweza. Ameze dawa zake kila siku, aje kliniki, na mimi au mwenzangu tutamsaidia mpaka siku ya kujifungua." Kisha akachukua karatasi iliyofuata.

Maswali ya kikundi

1. Mzee alitaka sinema ya kutisha. Alikuwa na sababu gani? Nesi alimjibu nini?

2. Kwa nini kamati iliamua kuwa "Consequences" ionyeshwe kwa wazazi?

3. Katika kijiji chenu, wasichana wa sekondari wanafikaje shuleni na kurudi? Wanalala wapi?

4. Kama mngeonyesha "Yellow Card" shuleni kwenu, mngeisimamisha wapi, na mngeuliza swali gani?

5. Nani katika kijiji chenu angefaa kuwa msimulizi? Kwa nini?

6. Andika katika daftari lako karatasi moja ya swali ambayo ungeitia katika sanduku. Usiandike jina.